Bei Inayolala Ijumaa Jioni

Bei iliganda saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita.

Adoyo hakupepesa macho.

Phyllis Adoyo, jasusi wa Idara, alikuwa na siku ya tisa katika chumba cha juu ya duka la dawa za mifugo, sokoni Roret. Wapangaji wenzake walimjua kama fundi wa kompyuta aliyeletwa kurekebisha mashine za ofisi za chai. Mezani kulikuwa na laptopu ya ThinkPad, simu tatu, na Glock 17 iliyofunikwa gazeti kuukuu.

Skripti aliyoiandika ilikuwa na kazi moja. Kila dakika ilibisha kwenye seva ya programu iitwayo Jani na kuuliza bei ya sarafu yao. Seva ilijibu kwa msururu wa maneno na tarakimu uliojaa mabano. Skripti ikachambua msururu huo na kutoa vitu vitatu: bei, saa, na kiasi kilichouzwa. Dakika hiyohiyo ilibisha kwenye masoko matatu ya kweli na kuuliza bei ya bitkoini, ili Adoyo alinganishe.

Bitkoini ilikuwa inarukaruka. Jani ilikuwa imesimama tisti.

418.20. 418.20. 418.20.

"Soko la kripto halina Krismasi," Adoyo aliinong'oneza skrini. "Halina usiku, halina mazishi. Sasa wewe umelala kwa nini?"

Ngazi zililia. Mkono wake ukaenda chini ya gazeti.

"Madam, ni mimi."

Alikuwa Tecla Chelangat, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama mia mbili na kumi na wanne wachuma chai. Gambuti zake zilikuwa na matope, na vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani.

"Chamgei, Mama Tecla. Ingia, funga mlango."

"Chamgei." Tecla alinyoosha simu yake. "Ona, imelala tena. Kila Ijumaa inalala. Mimi nilikuwa nadhani ni bando imeisha."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa, hii saa tumetoka kupima majani. Halafu kesho jioni inaamka."

Haya, mambo ndiyo hayo. Wataalamu wa Nairobi wenye digrii mbili mbili walikuwa wameitazama Jani mwezi mzima wasione kitu. Mama wa Roret akaona kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Tecla ndiye aliyeipeleka habari ya Jani kwa Idara, baada ya kujaribu kutoa shilingi elfu moja na kuambiwa asubiri. Lakini pia ndiye aliyewashawishi wenzake. Bonasi ya mwaka mzima ya majani chai, ya wanawake wote wale, ilikuwa ndani. Programu ilikuwa imeahidi kwamba mlango wa kutoa pesa ungefunguliwa Jumapili, saa sita mchana.

"Mimi ndio niliwaambia waweke," Tecla alisema. "Kuna mama ameuza ng'ombe akaongeza. Jumapili watakuja kwangu wote. Wakikosa, mimi siwezi kaa hii kijiji tena. Nitaenda wapi, madam? Bwana yangu amezikwa hapa."

Adoyo alimshika bega, na Tecla akateremka ngazi akijifuta uso kwa leso.

Simu ya pili iliita. Kituo, makao ya Idara.

"Dorn, yule mwenye Jani, ameonekana Kericho mjini. Prado nyeupe."

"Mkamateni."

"Na pesa? Iko kwa pochi ya kidijitali ya funguo mbili. Yeye ana kifaa kimoja, mtu mwingine ana cha pili. Lazima vyote viwe wazi. Tukimkamata Dorn leo, pesa itakaa huko mpaka Yesu arudi."

"Huyo mwingine ni nani?"

"Ndiye anayeandika bei. Mtafute kabla ya Jumapili saa sita. Na Adoyo..."

"Nasikia."

"Ndanai walijua mnakuja. Chunga aliye karibu na wewe."

Laini ikakatika.

Siku ya Jumatano walikuwa wamevamia nyumba moja ya Dorn kijijini Ndanai. Walikuta rauta ikiwaka taa, na kikombe cha chai bado kina mvuke. Mwenye kikombe hakuwepo. Safari ile ilijulikana na watu wawili tu, Adoyo na dereva wake.

Alisogea dirishani.

Dereva huyo, Kepher Oketch, alikuwa amesimama chini kando ya Probox yao. Alitazama jua likimalizikia nyuma ya mashamba ya chai. Akatoa simu mfukoni, akaizima, akaifungia ndani ya dashibodi.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane.

Kikulacho ki nguoni mwako. Adoyo alirudi mezani, akafungua kumbukumbu za Oktoba tangu mwanzo.

Ijumaa tarehe 3, bei iliganda 18:31.

Tarehe 10, 18:29.

Tarehe 17, 18:27.

Leo, tarehe 24, 18:26.

Ijumaa zote hizo, Kepher alikuwa amezima simu. Miaka mitatu walikuwa wamekula sahani moja. Usiku huo Adoyo alilala na viatu miguuni na bastola chini ya mto.

*

Asubuhi Kepher alibisha mlango akiwa na suti ya kijivu na kitabu cha nyimbo kwapani.

"Sabato njema, madam. Naenda kanisa, ile ya hapa chini. Nikuletee chapati nikirudi?"

"Keti."

Aliketi. Adoyo alibaki amesimama, mkono karibu na gazeti lililofunika tena bastola.

"Ijumaa tarehe tatu, saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Ulikuwa unafanya nini?"

"Aa, sasa mimi nitakumbuka?"

"Tarehe kumi, ishirini na tisa. Tarehe kumi na saba, ishirini na saba. Kumbuka vizuri, Kepher, kwa sababu kuna mtu huacha kuandika bei dakika hizo. Na wewe huzima simu dakika hizo."

Kepher alimtazama, kisha akaitazama meza. Hakuwa mjinga. Uso wake ulianguka.

"Ati mimi?"

"Jibu."

Alifungua kitabu cha nyimbo polepole, akatoa kikadi kilichokunjika. Kilikuwa cha kanisa lake: jedwali la saa za jua kuzama, Ijumaa kwa Ijumaa, mwaka mzima. 18:31. 18:29. 18:27. 18:26.

"Hiyo ni jua, dada," alisema. "Saa ya ofisi haiwezi songa dakika mbili kila wiki. Jua ndio inasonga. Huyo mtu yako anashika Sabato. Jua ikizama Ijumaa anaacha kazi, ikizama Jumamosi anaanza."

"Kwa hivyo ni wewe, ama ni mwenzako."

"Kuna zile siku zingine ilisimama?"

Adoyo alisita. "Jumanne tarehe ishirini na moja. Kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa na nusu."

Mkono wa Kepher uliruka kwenye gazeti.

Wa Adoyo ulikuwa mwepesi zaidi. Kabla hajapumua, mdomo wa Glock ulikuwa kati ya macho ya Kepher.

"Nilikuwa nataka gazeti tu," Kepher alisema.

"Lichukue."

Alilifungua mpaka ukurasa wa matangazo ya kukatwa umeme. Lilikuwa la Jumatatu tarehe ishirini. Jumanne, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, katika Kaunti ya Kericho sehemu ilikuwa moja tu: Fort Ternan, kituo cha reli na vitongoji vyake.

"Huyo mtu yako alikosa stima. Siku hiyo sisi hapa Roret tulikuwa nayo," Kepher alisema. "Nilinyoa nywele kwa mashine. Uliniona."

Ni kweli, alimwona. Alimcheka hata, kwa kile kichogo.

Adoyo alirudisha bastola mkobani. Hakuomba msamaha. Bado kulikuwa na kile kikombe cha Ndanai.

"Sabato mimi siendi kazi," Kepher alisema akisimama na kunyoosha koti. "Lakini kanisa naenda. Leo nitaenda la Fort Ternan."

*

Waliteremka kutoka Kericho, chai ikabaki juu, miwa ikaanza. Kepher aliendesha bila neno, na Adoyo akayachunga macho yake kwenye kioo. Saa sita walikuwa wameketi kwenye benchi la nyuma la kanisa la mabati karibu na reli.

Wageni walisimamishwa. Adoyo akasema jina la uongo, watu wakamwimbia ubeti wa kumkaribisha, naye akawahesabu. Kulikuwa na jamaa mwenye simu mbili. Kulikuwa na mama mwenye viatu vipya mno. Na yule kijana wa spika, mbona anamkodolea macho? Kwa Adoyo hakuna aliyekuwa safi, hata mhubiri.

Ibada ilipoisha, chakula cha pamoja kiliandaliwa nje: ugali, mboga za kienyeji, maharagwe. Kepher alimsogelea mzee wa kanisa, akazungumza naye habari za mvua na za ndoa, kisha akauliza kama aulizaye chumvi: hapa kwenu nani anajua kompyuta?

"Huyo ni ndugu Gekara," mzee alijibu kwa fahari. "Alipunguzwa kazi kiwandani, akakaa vibaya, Mungu akamfungulia njia. Anaandikia kampuni ya ng'ambo. Na zaka anatoa mpaka shilingi ya mwisho!"

Gekara alikuwa anapakua maharagwe. Mtu wa miaka arobaini, mwembamba, miwani imefungwa kwa waya. Alimjazia Adoyo sahani.

"Ndugu Gekara," Adoyo alisema kwa sauti ya chini, "nataka kukuuliza juu ya Jani."

Kijiko kilisimama hewani.

"Sizungumzi kazi leo, dada. Njoo baada ya jua."

"Baada ya jua itakuwa..."

"Nimesema."

Ala! Mshukiwa gani huyu? Adoyo alishawahi kuona watu wakikimbia, wakilia, wakitoa hongo. Kuambiwa arudi baada ya ibada, hilo lilikuwa geni.

Kepher aliingilia. "Si kazi, ndugu. Ni mtu." Akamgeukia Adoyo. "Mpigie Mama Tecla."

Tecla alipokea mlio wa kwanza. Adoyo alimwambia: sema tu kilicho moyoni. Naye akasema, kwa Kiswahili chake cha Roret, juu ya wanawake wale, na ng'ombe aliyeuzwa, na Jumapili inayokuja, na kaburi la mumewe. Gekara alisikiliza simu imebanwa sikioni. Kisha akairudisha.

"Lakini bei imepanda," alisema. "Wamama wamefaidika. Mimi mwenyewe ndio naandika."

"Unaitoa wapi?"

"Bwana Dorn hunitumia kila wakati. Inatoka soko la Ulaya."

"Ndugu yangu, nimebisha hodi kila soko la kripto duniani. Hakuna linalojua Jani." Adoyo alimtazama moja kwa moja. "Hakuna soko. Soko ni wewe."

Gekara aliketi chini, pale pale kwenye nyasi, na sahani ya mtu mapajani. Adoyo alimchunguza kila mshipa wa uso akitafuta uongo, akaukosa, na hilo likamtia shaka zaidi.

"Anakuja saa kumi na mbili," Gekara alisema mwishowe. "Alisema jua ikizama tuthibitishe malipo ya wanachama. Kifaa yangu na kifaa yake."

"Malipo ni yake peke yake. Nisaidie nimnase. Lazima aingize PIN yake kwanza, kifaa chake kiwe wazi."

"Kupokea mgeni si kazi. Nitampokea." Akainua kidole. "Lakini akiniuliza kitu, mimi sidanganyi."

Adoyo alitamani kulia. Mtego mzima, na chambo hajui kusema uongo!

*

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Prado nyeupe ilisimama mbele ya nyumba ya Gekara ya vyumba viwili. Kepher alikuwa jikoni, nje. Adoyo alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kulala, simu mkono mmoja, Glock mkono wa pili. Skripti sasa ilibisha kila sekunde tano, haiulizi bei tena. Iliuliza pochi: vifaa vingapi vimetia sahihi?

0 kati ya 2.

Dorn aliingia. Mgeni wa pasipoti tatu, koti la ngozi, begi la laptopu. Kiswahili chake kilikuwa safi kupita cha watu wote wa Fort Ternan, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

"Hujambo, ndugu Gekara. Uko peke yako?"

Adoyo alikaza kidole.

"Sabato mtu hayuko peke yake," Gekara alijibu.

Dorn alicheka. "Amina. Sasa leo tutamaliza mapema kidogo."

"Jua bado iko juu."

"Ni dakika chache tu."

"Yako ni yako. Yangu ni baada ya jua."

Kiti kilivutwa. Mfuniko wa laptopu ulifunguliwa. Dakika ishirini nzima za mbofyo na miguno, kisha kidude kidogo kama flashi kikawekwa mezani. Dorn aliingiza PIN. Adoyo aliisikia: vibonyezo vinane.

0 kati ya 2.

"Tayari," Dorn alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza asali. "Nina ndege ya kuwahi, na jua lako limenichosha. Bonyeza."

Adoyo alichungulia. Bastola ilikuwa kwenye sikio la Gekara.

0 kati ya 2.

Fanya haraka, wewe seva! Akitoka mapema, pesa imekwenda. Akichelewa, Gekara amekwenda.

"Yaya, sibonyezi," Gekara alisema. Mikono aliiweka magotini, macho akafumba. "Piga tu. Jua bado."

Simu ilitetemeka.

1 kati ya 2.

Adoyo akatoka.

"Dorn!"

Dorn aligeuka, na mlango wa nyuma ukamfungukia mgongoni kwa bega zima la Kepher. Risasi ilitoboa mabati. Adoyo alimpiga kifundo cha mkono kwa kitako cha Glock, bastola ikaruka, na Kepher akamlalia na suti yake ya kanisa. Pingu zikalia.

18:20.

Simu ya Dorn ilikuwa imeanguka ikiwa wazi. Adoyo aliiokota. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya moja kwa moja ya lango la nyumba ya Ndanai. Alirudisha picha nyuma mpaka Jumatano, akajiona mwenyewe akishuka kwenye Probox.

Ilikuwa kamera kumbe, imefichwa langoni. Kepher hakuwa amemsaliti hata siku moja.

Aliona haya, lakini haya ingengoja. Aliketi kwenye laptopu ya Dorn, akaifuta anwani ya Dorn ya kupokea pesa, akaweka akaunti ya mahakama aliyokuwa ameitayarisha. Akabonyeza kidude cha Dorn. Sahihi ya kwanza ikaingia.

Dorn alitabasamu akiwa chini, shavu kwenye sementi.

"Kifaa changu hujifunga dakika tano baada ya PIN, na sahihi isiyokamilika hufutika. Saa ngapi sasa? Na mimi PIN sitaisema, hata mnichome."

Adoyo alitazama saa. 18:22. Kifaa kingejifunga 18:24.

Jua lingezama 18:26.

Dakika mbili. Wote wanne walizihesabu.

"Ndugu Gekara," Adoyo alisema. "PIN yako."

Gekara alikuwa ameganda kitini. Alikuwa amekataa na bastola sikioni.

Adoyo alipiga hatua. Kepher akamzuia.

"Usimguse." Kisha akachuchumaa mbele ya Gekara, suti imechanika begani. "Ndugu. Mimi na wewe tunashika siku moja. Sikwambii ni dhambi ama si dhambi. Nakuuliza tu. Yule mama wa simu akizama mtoni saa hii, utangoja jua?"

18:23.

Machozi yalimtoka Gekara chini ya miwani. Aliutazama mlango, mwanga wa manjano bado umelala kizingitini. Halafu akanyoosha mkono, akavuta kifaa chake, akabonyeza tarakimu nane moja moja, kama mtu anayeng'oa miiba.

2 kati ya 2.

Skripti ilibisha mara ya mwisho. Jibu likaja, likachambuliwa: imethibitishwa. Kidude cha Dorn kikazima taa.

Dorn aliacha kutabasamu.

Adoyo alipiga simu Roret.

"Mama Tecla, pesa imepatikana, yote. Mahakama itawarudishia kila mtu chake."

"Ngoja nikae chini kwanza," Tecla alisema, na akaanza kulia kwa sauti, bila aibu yoyote.

Gari la Kituo lilimchukua Dorn saa moja kasoro. Adoyo alisimama kando ya reli akiandika ripoti kwenye simu. Gekara alikuja polepole, mikono nyuma. Angeandikisha taarifa, na pengine angefika mahakamani, alijua. Kepher aliwasogelea pia.

"Samahani, Kepher," Adoyo alisema. "Kwa asubuhi."

"Imeisha, dada. Lakini suti utalipa."

Adoyo alimgeukia Gekara. "Kuna mahali pa kujaza saa uliyothibitisha. Wazee wa kanisa lako wataisoma siku moja. Ishirini na tatu, ishirini na saba, mimi naona ni kitu kimoja. Niandike ishirini na saba?"

Gekara alitazama kule jua lilikokuwa.

"Andika ishirini na tatu," alisema. "Mimi ndio nilibonyeza."

Adoyo akaandika ishirini na tatu. Akaituma, akatia simu mfukoni, na akatembea kuelekea Probox bila kugeuka nyuma.